Maswali ya Wasomaji: Mashua ya Mbao ya Mafunzo, Nyufa Zake na Ukaidi Wake

Toleo lililopita tuligusia vyombo vidogo vya mbao ambavyo majeshi ya majini hutumia kuwafundisha makuruta na maafisa wanafunzi kazi ya ubaharia. Kwa mji ulio zaidi ya kilomita 400 kutoka pwani, Nairobi imetuletea maswali mengi kuliko tulivyotazamia, na baadhi yametoka kwa watu walio na mashua yenyewe mikononi. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

SWALI: Wahariri, meli za kivita ni za chuma, zina rada na kompyuta. Kwa nini basi mwanafunzi afundishwe kwenye chombo cha mbao? Si kumrudisha nyuma huko? — Msomaji, Umoja

JIBU: Ndugu yetu, tazama kwanza gharama ya kosa. Anayejifunza kufunga chombo gatini atagonga gati. Hilo halina mjadala, swali ni lini na kwa nguvu gani. Ubavu wa mbao hubonyea, na ukivunjika huvunjika mahali pamoja. Fundi hukata ubao ulioumia, akatia mwingine na kupaka rangi. Bati la chuma likipinda, kabla ya kulichomelea ni lazima upande wa ndani uvuliwe nyaya, rangi na chochote kinachoshika moto. Siku za kazi huzidi mara kadhaa.

Sababu ya pili ndiyo kubwa zaidi kwa mwalimu. Meli ya tani elfu kadhaa ikipewa amri ya usukani huchelewa kuitika, na inapoitika mwanafunzi keshatoa amri nyingine mbili. Hajui ipi imefanya nini. Chombo kidogo huitika kwa sekunde chache. Upepo nao hukisukuma bila huruma, mkondo hukibeba, na kila uzembe huonekana papo hapo.

Mfano unaojulikana sana ni wa Chuo cha Wanamaji cha Marekani kilichoko Annapolis, jimbo la Maryland. Vyombo vyake vya mafunzo huitwa kwa herufi YP (kifupi cha Kiingereza cha Yard Patrol, chombo cha doria ya bandarini) na namba. Kundi la zamani lililoanza na namba 654 lilikuwa la futi 80, mwili wa mbao na chumba cha juu cha alumini. Lililofuata, la namba 676, lilijengwa miaka ya 1980 katika jimbo la Wisconsin: mwili wa mbao, urefu futi 108 ambazo ni mita 33, uzito karibu tani 170, injini 2 za dizeli, rafadha 2 (panga zinazosukuma chombo majini), mwendo wa noti 12 hivi, yaani kama kilomita 22 kwa saa. Kila kimoja kina nafasi ya wanafunzi 24 pamoja na maafisa na mabaharia wachache wa kudumu. Mahali pa kuongozea pamepangwa makusudi kwa mfano wa meli kubwa, ili amri, simu za ndani na kazi ya ramani ziwe zilezile.

Mbao si dini, lakini. Kundi jipya lililoanza kuingia kazini mnamo 2010 ni la chuma. Na herufi YP zenyewe zina historia ya kufurahisha: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zilipachikwa pia kwenye mashua za wavuvi wa jodari wa California, zilizochukuliwa na jeshi na kupakwa rangi ya kijivu.

Chini ya vyombo hivyo vya injini kuna mashua ya makasia na tanga. Katika majeshi yaliyorithi taratibu za Kiingereza, iliyojulikana kuliko zote ni ile ya futi 27 aina ya Montagu, ambayo wanamaji huiita weila. Imechongoka omo na tezi, yaani mbele na nyuma, ina makasia 5, milingoti 2 inayong'oka, na ubao wa katikati unaoteremshwa majini kuzuia isiende upande. Swali linalofuata ni la mashua ya ukoo huo.

SWALI: Kikosi chetu cha skauti kimepewa mashua kuukuu ya futi 27, makasia matano, imetoka Mombasa. Imekaa nyuma ya ukumbi wetu tangu mwaka juzi. Tuliipeleka Naivasha tukaitia majini. Ndani ya dakika kumi maji yalikuwa vifundoni. Sasa ukiwa ndani yake unaona mwanga wa jua kati ya mbao. Fundi mmoja ametushauri tujaze silikoni kila ufa. Tufanyeje? — Kiongozi wa skauti, Lang'ata

JIBU: Kiongozi, msikubali silikoni. Mwambieni fundi asante, na mumfiche ile bomba yake.

Mashua yenu haijaharibika kwa sababu hiyo tu ya mwanga. Imekauka. Ubao uliozoea kukaa majini una unyevu mwingi; ukiuweka juani Nairobi, hasa Januari na Februari, hunywea kwa upana, na kila kiungo hufunguka. Ukiurudisha majini huvimba tena na kufunga. Ukitia silikoni au pati ngumu ubao ukiwa mkavu, utakapovimba hautakuwa na pa kwenda. Hapo ama ubao hupasuka kwa urefu, ama misumari hung'olewa, ama mataruma, zile mbavu za mbao za ndani, hukatika. Mmetengeneza tundu kumi kwa kuziba moja.

Anzeni kwa kutazama mbao zimeungwa vipi. Mashua za aina hii mbao zake hupandana kingo kama mabati ya paa, na kila mpando umeshikwa kwa misumari ya shaba nyekundu iliyopigwa riveti juu ya washa ndogo ya shaba, kijisahani chenye tundu. Mpando huo haukalafatiwi, yaani haupigiliwi pamba ya kuziba maji. Huzuia maji kwa kubanana mbao na mbao, basi. Jahazi na vyombo vingine ambavyo mbao zake zimewekwa ubavu kwa ubavu ndivyo vinavyotaka pamba na kalafati. Anayewapigia pamba ndani ya mipando ya weila anazitenganisha mbao kwa kabari.

Kabla ya kuilowesha, kagueni. Chukueni bisibisi nyembamba mdunge kwa nguvu ya kidole gumba. Ubao mzima huikataa ncha. Uliooza huipokea hadi kina cha sentimita 1 bila ubishi, tena unakuja na unga wa rangi ya kahawa. Gongeni pia kwa nyundo ndogo: ubao mzima hulia, uliooza hunyamaza. Msipoteze muda katikati ya mbao, kwa maana uozo hauanzii hapo. Tazameni ncha za mbao zinapoingia kwenye mhimili wa omo na wa tezi, miguu ya mataruma ndani ya ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua), ubao wa kwanza kando ya mkuku (mti wa uti wa mgongo chini ya mashua), na chini ya viti pale vinapokutana na ubavu. Halafu hesabuni mataruma yaliyovunjika. Moja moja hapa na pale ni jambo la kawaida kwa mashua ya umri huo. Yakiwa matatu yaliyofuatana kwenye mkunjo mmoja, mashua haitoki hadi yabadilishwe.

Misumari ya riveti ichunguzeni kwa kuibonyeza mipando kwa kidole mkiwa ndani. Mpando unaocheza una riveti iliyolegea. Kuikaza ni kazi ya watu wawili: mmoja nje anashikilia chuma kizito cha kilo 2 hivi juu ya kichwa cha msumari, wa ndani anaigonga ncha kwa nyundo nyepesi ya kichwa cha mviringo, mapigo mengi na madogo. Pigo zito huupinda msumari ndani ya ubao. Kwa macho utaonekana umekaza, na kesho utavuja. Ikiwa washa imezama ndani ya mbao, ng'oeni na mtie msumari mnene zaidi kwa kipimo kimoja, tundu likiwa jembamba kidogo kuliko msumari, na ncha ikatwe ibaki milimita 2 juu ya washa ndipo ifinyangwe. Misumari ya shaba mkiikosa Nairobi, agizeni. Usikubaliwe mbadala wa chuma hata kama umepakwa zinki: chuma kikikaa jirani na shaba kwenye unyevu huliwa upesi, na kutu yake huozesha ubao unaokizunguka.

Kisha kulowesha. Msijaze maji mashua ikiwa juu ya trela. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima, na mbao hizi zimejengwa kusukumwa kutoka nje kuja ndani. Mkizisukuma kutoka ndani kwenda nje mnazifungua. Iwekeni kivulini, mkuku umelala juu ya magogo matatu na ubavu umeegemezwa pande zote mbili. Tandazeni magunia ya juti au mablanketi makuukuu ndani na nje, yamwagieni maji asubuhi na jioni, na chini kabisa wekeni maji ya kina cha sentimita 5 hadi 8, si zaidi. Siku nne au tano hivi. Mwanga ukishapotea kati ya mbao, ipelekeni ziwani.

Huko, itoeni makasia, nanga na kila kizito, mwiteremshe kwenye maji ya magotini juu ya mchanga, mwifunge, mwiache ijae. Haitazama ikatoweka, kwa kuwa mbao huelea. Iacheni siku 2 au 3 na mtu wa kuilinda, kisha fueni maji yote na mpime: alama ya kalamu kwenye taruma, mtazame kila saa. Ndoo moja kwa saa siku ya kwanza si neno. Kama baada ya siku 5 kiasi hakijapungua, tatizo si ukavu, ni riveti au ubao wa mkukuni, na mrudi kwenye bisibisi.

Jambo la mwisho kwenu ni mahali pa kuiweka, na hapa wengi huchanganyikiwa. Jua linaikausha, kwa hiyo watu huifunika turubai kabisa hadi chini. Mvua za Machi hadi Mei zinapenya, joto linabaki ndani, na uozo unaanza. Maji ya chumvi hayaozeshi mbao kwa urahisi. Maji ya mvua ndiyo adui, kwa sababu kuvu wa uozo hustawi kwenye unyevu usio na chumvi na hewa isiyotembea. Turubai liwe juu ya mti wa mgongo kama hema, pembeni pawe wazi nusu mita, kizibo cha ngama kitolewe, na omo iinuliwe kidogo ili maji yatiririke. Mabaharia wa zamani hurushia chumvi ya mawe ndani ya ngama. Inafaa kwa mbao, lakini kila kipande cha chuma kitapata kutu, basi mpime wenyewe.

SWALI: Tukihitaji kubadilisha mbao mbili, tununue mti gani? Gikomba wanatuonyesha saiprasi. — Kiongozi huyohuyo

JIBU: Saiprasi ni nyepesi na ina harufu inayowafukuza baadhi ya wadudu, ila ya hapa huwa na mafundo mengi, na fundo kwenye ubao wa unene wa sentimita 1 na ushei ni tundu linalosubiri siku yake. Mkipata kipande kirefu kisicho na fundo, kinafaa kwa marekebisho juu ya mstari wa maji. Chini ya maji tafuteni mvule. Huvumilia maji, haunywei sana, na hupindika ukiupa mvuke. Vumbi lake huwasha macho na kifua, fundi avae barakoa. Msaji ni bora zaidi, kwa bei yake. Mbambakofi ni mgumu na mzito. Mafundi wa pwani huupenda, lakini kwa mashua nyepesi ya makasia ni kupita kiasi.

Ulizeni ubao umekaushwa vipi. Uliokaushwa tanuruni kwa ajili ya fanicha una unyevu mdogo mno. Ukiubana barabara ukiwa hivyo, utavimba na kuinua jirani zake. Uacheni chini ya kivuli chenye hewa, juu ya vijiti, wiki kadhaa kabla ya kuukata.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa ubaharia Mombasa, niko nyumbani likizo. Tumefundishwa kuwa chombo chenye rafadha mbili kinaweza kugeuka palepale kilipo, injini moja mbele nyingine nyuma. Kwenye mazoezi chetu kiligeuka, lakini kiliendelea kusogea mbele hadi tukakaribia gati. Tulikosea wapi? Na kufunga gatini kunafanywaje bila aibu? — Mwanafunzi, South B

JIBU: Mlizipa injini nguvu sawa. Rafadha imechongwa kusukuma mbele, na ikizunguka kinyume hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Kwa hiyo mizunguko ikilingana, ya mbele hushinda na chombo husogea. Dawa ni kuiongezea inayorudi nyuma, kidogo kidogo, huku ukitazama kitu kilicho ubavuni mwako: nguzo, boya, kona ya ghala. Kikionekana kwenda nyuma, unasonga mbele, na kinyume chake. Usitazame omo, omo itakuonyesha mgeuko tu na itakudanganya kuhusu mwendo. Usukani uelekeze upande unaogeukia, maana maji ya rafadha inayosukuma mbele hupita juu yake na kuongeza nguvu.

Kufunga gatini, tuseme ubavu wa kushoto, hewa imetulia. Njoo kwa pembe ya digrii 10 hadi 15, mwendo mdogo kabisa unaouwezesha usukani kusikia. Chombo cha mbao cha tani 170, kama kile cha Annapolis, hakisimami kwa sababu umezima injini, basi zisimamishe mapema na uache kiteleze. Omo ikibakiza umbali unaokaribia upana wa chombo, elekeza usukani kulia ili omo iache kukimbilia gati, kisha rudisha nyuma injini ya nje, yaani ya kulia. Hiyo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inaua mwendo, na inaivuta tezi iingie gatini. Wanafunzi wengi hurudisha injini ya ndani kwa kudhani inawavuta. Huwatoa nje.

Kamba ya kwanza kwenda gatini ni ile inayotoka upande wa omo na kuelekea nyuma, ambayo mabaharia huiita springi. Ikishafungwa, mbele polepole na usukani ukiwa upande wa mbali na gati, chombo kitajibana chenyewe bila mtu kuvuta. Hapo zilizobaki zinafungwa kwa utulivu.

Upepo ukiwa unakupeleka gatini, usishindane nao: simama sambamba na gati, umbali wa upana mmoja wa chombo, fenda, yaani mito ya kukinga ubavu, ziwe chini, uache ukulaze. Ukiwa unakutoa, ongeza pembe hadi digrii 20 au 30 na uhakikishe kamba ya omo inarushwa na mtu anayejua kurusha, kwa sababu hutapewa nafasi ya pili kabla omo haijapeperushwa.

Yanayoumiza watu kwenye zoezi hili si kugonga. Ni mkono unaowekwa kati ya chombo na gati kuzuia tani 170, mguu uliosimama ndani ya mkunjo wa kamba, na kamba iliyokazwa mno ikakatika na kurudi kama risasi. Hakuna anayesimama kwenye mstari wa kamba iliyokaza. Na hakuna anayeruka kwenda gatini, hata kama pengo ni la hatua moja.

SWALI: Mtu akianguka majini, nigeuze upande gani? — Mwanafunzi huyohuyo

JIBU: Upande alioangukia, mara moja, ili tezi na rafadha zimwepuke. Mtu mmoja anabaki akimnyooshea kidole na hafanyi kazi nyingine yoyote. Boya linatupwa sekunde hiyohiyo. Ukiwa unamwona na chombo kinageuka vizuri, shikilia usukani wote upande ule hadi umezunguka digrii 240 hivi, kisha unyooshe na umwendee polepole. Usiku, au ukiwa humwoni, tumia njia ndefu: usukani wote upande wake hadi umeacha mwelekeo wako kwa digrii 60, kisha usukani wote upande wa pili hadi uelekee kinyume kabisa na ulikotoka. Inachukua muda mrefu zaidi lakini hukurudisha juu ya njia yako mwenyewe, na yeye yuko kwenye njia hiyo. Mmalizie kwa kusimama upande wa upepo, ili chombo kimkinge na mawimbi na kisogezwe kwake, injini zikiwa zimesimama.

SWALI: Binti yangu wa kidato cha nne anataka kujiunga na Jeshi la Majini. Hatuna bahari hapa wala pesa za kumpeleka Mombasa kila likizo. Aanzie wapi? — Mama, Kasarani

JIBU: Mama, aanzie kwa kuogelea, kwenye bwawa lolote lenye mwalimu. Mengine yote yanaweza kungoja, hilo haliwezi. Asiishie kwenye kasi. Ajifunze kuelea kwa muda mrefu akiwa na nguo.

Pili, kamba. Mnunulie mita 3 za kamba ya unene wa milimita 10, aina ya manila au ya nailoni iliyosokotwa. Mafundo sita yanatosha kwa mwaka wa kwanza, na mawili kati yake ndiyo atakayoyatumia kila siku. La kwanza ni la kitanzi kisichojikaza: tengeneza kijicho kidogo kwenye kamba ndefu, ncha ipite ndani ya kijicho kutoka chini, izunguke nyuma ya kamba ndefu, irudi kuteremka ndani ya kijicho kilekile, kisha kaza. Acha ncha iwe na urefu wa shibiri moja; ikiwa fupi itachomoka. La pili ni la kufunga kwenye nguzo: zungusha mara mbili kamili, kisha piga vifundo viwili vya nusu juu ya kamba inayovuta, vyote vikielekea upande mmoja. Uzuri wake ni kwamba unaweza kulifungua likiwa limebeba uzito. Afanye yote mawili gizani, mikono ikiwa imelowa, mpaka asihitaji kufikiri. Ajue pia kwamba fundo lolote hupunguza nguvu ya kamba, mara nyingi kwa theluthi moja au zaidi, ndiyo maana kamba ya kubebea uzito haifungwifungwi ovyo.

Tatu, dira. Ile ya mkononi ya skauti inatosha. Apime mwelekeo wa majengo marefu kutoka kilima kimoja, achore mistari kwenye ramani, aone inakutana wapi. Hiyo ndiyo kazi nzima ya kuongoza chombo mwambaoni. Nairobi tofauti kati ya kaskazini ya dira na ya kweli haifiki digrii 2, kwa hiyo ataizoea bila hesabu ngumu. Simu na mkanda wenye kichwa cha chuma viwe mbali.

SWALI: Noti moja ni kilomita ngapi? Na mabaharia hukokotoaje umbali kichwani? — Msomaji, Githurai

JIBU: Noti 1 ni maili 1 ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852. Kichwani hutumia dakika 6, kwa kuwa ni sehemu ya kumi ya saa: noti 12 kwa dakika 6 ni maili 1.2. Sogeza nukta tu. Kwa umbali mfupi hutumia dakika 3: zidisha noti kwa 100 upate yadi. Noti 12, yadi 1,200.

SWALI: Nairobi tunaweza kuona wapi vyombo vya namna hii? — Msomaji, Kibra

JIBU: Unaishi jirani na jibu la zamani. Bwawa la Nairobi lilikuwa na mashua za tanga kabla ya tope na magugu kulifunika. Leo, ukitaka kuona mbao zikiungwa, nenda Lamu. Kambi ya Jeshi la Majini iko Mtongwe, Mombasa, na si mahali pa kuingia kutalii.

SWALI: Tukifanikiwa kuitengeneza, tupakie watoto wangapi Naivasha, na kuna cha kuogopa? — Kiongozi wa skauti, Lang'ata

JIBU: Makasia 5 na mshika usukani, jumla 6, pamoja na mwalimu mmoja. Wasizidi hapo katika mafunzo hata kama nafasi ipo. Makasia ni matatu upande wa kulia na mawili kushoto, kwa hiyo mashua itataka kwenda kushoto. Anayeshika kana, mpini wa usukani, aizuie kidogo tu, asiiburuze.

Wote wavae maboya tangu nchi kavu. Ndani wekeni ndoo 2 zilizofungwa kwa kamba, nanga yenye kamba angalau mara tano ya kina cha maji, kasia moja la ziada, na filimbi. Kabla ya yote, chombo kikaguliwe na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, ambayo husimamia pia vyombo vya maziwani.

Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo mashua itakaa chini kidogo kuliko ilivyokaa Mombasa. Mkifikiria kuifunga injini ya nje, jueni kwamba Naivasha iko juu ya mita 1,880 hivi, na injini ya petroli hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Iliyoandikwa nguvu za farasi 10 mtapata kama 8.

Upepo huinuka mchana na kuchafua ziwa, basi mtoke alfajiri na mrudi kabla ya saa sita. Viboko msiwapite kati yao na kina, wala kati ya mama na ndama; kaeni mbali na mafunjo ambako hujificha, na mkiona mapovu yanakuja kwenu kwa mstari, pigeni makasia kuelekea pembeni, si mbele ya kiboko huyo.